Haarmann, mkemia aliyetoa vanila kwenye msonobari

Mkulima wa Moshi anayepanda vanila kihambani, kati ya migomba na kahawa, anashindana sokoni na harufu iliyotengenezwa kiwandani. Aliyeanzisha ushindani huo ni Mjerumani Wilhelm Haarmann, aliyezaliwa mwaka 1847 katika mji mdogo wa Holzminden.

Haarmann alisomea kemia Berlin kwa Profesa August Wilhelm Hofmann. Mwaka 1874, yeye na mwenzake Ferdinand Tiemann waligeuza koniferini, iliyomo kwenye utomvu wa misonobari, kuwa vanilini, kemikali inayolipa tunda la vanila sehemu kubwa ya harufu yake. Vanila wakati huo ilikuwa ya matajiri, maana kila ua huchavushwa kwa mkono na hufunguka siku moja tu.

Alifungua kiwanda kwao, na baadaye mkemia Karl Reimer akaingia ubia. Tatizo lilikuwa malighafi, kwani utomvu ulikwanguliwa kwenye magogo mabichi kwa msimu mfupi tu. Ndipo watengenezaji wakahamia mafuta ya karafuu, zao ambalo Zanzibar iliongoza duniani. (Mkulima wa Pemba hakujua karafuu yake inakoishia!) Bei ya vanilini ikaporomoka.

Haarmann alifariki mwaka 1931, hakuona msonobari ukirudi kwa mlango wa nyuma. Katika miaka hiyo ya 1930 viwanda vya karatasi vya Marekani na Canada vilianza kutoa vanilini kwenye maji machafu yanayobaki baada ya kupika vipande vya miti, ambayo awali yalimwagwa mitoni. Maji hayo yana lignini, gundi inayoshika nyuzi za mti. Yakipikwa na soda kali huku yakipulizwa hewa, lignini huvunjika na vanilini hupatikana. Mwaka 1981 kiwanda kimoja cha Ontario kilitoa takriban asilimia 60 ya vanilini yote duniani. Siku hizi nyingi hutokana na mafuta ya petroli, ingawa Borregaard ya Norway bado hutumia miti.

Wakulima waliuonja ushindani huo vanila ya asili ilipokaribia dola 500 kwa kilo, mwaka 2003 na 2004. Wenye viwanda vya vyakula walikimbilia vanilini, na kufikia mwisho wa 2005 bei ilikuwa chini ya dola 50.

Tunda lililokaushwa vizuri huwa na vanilini karibu asilimia 2, pamoja na harufu nyingine nyingi ambazo kiwanda hakina. Lakini linalochumwa kabla ya miezi tisa, mara nyingi kwa kuhofia wezi, huwa na vanilini kidogo, na mnunuzi mwenye kipimo hulikataa.