Ronald Fisher na Maana ya Parameta

Ronald Aylmer Fisher alizaliwa London tarehe 17 Februari 1890. Macho yake yalikuwa dhaifu tangu utotoni, hivyo akafunzwa hisabati bila kalamu wala karatasi, akazoea kuyaona maumbo akilini. Mama yake alifariki mwaka 1904, na punde baba yake akafilisika. Hata hivyo, mwaka 1909 alipata ufadhili wa kusoma katika Chuo Kikuu cha Cambridge, akahitimu mwaka 1912.

Mwaka 1919 aliajiriwa katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, kilichokuwa na rekodi za mashamba tangu mwaka 1843. Takwimu zilikuwa nyingi ila maana yake haikuwa bayana. Katika makala yake ya mwaka 1922, Fisher alieleza kuwa wanatakwimu walichanganya vitu viwili: thamani halisi ya kundi zima, na thamani ikokotolewayo kutokana na sampuli. Ile ya kwanza aliiita parameta, neno lililokuwa likitumika katika hisabati kabla yake. Ya pili ni kadirio.

Tofauti hii yaweza kufafanuliwa kwa mfano wa kubuni. Mtafiti wa lahaja ataka kujua ni wakazi wangapi wa Kiembeni, upande wa Kisauni, wasemao mato kama Wamvita badala ya macho. Uwiano wa wakazi wote wasemao hivyo ni parameta: ni mmoja tu, nao haujulikani. Akiwahoji watu 100 na 30 kati yao wakasema mato, asilimia 30 ni kadirio. Mwenzake akiwahoji wengine 100, huenda akapata asilimia 24. Parameta haikuhama, kilichobadilika ni sampuli. Tena, wote wawili wakiwahoji wapita njia wa barabara moja tu, makadirio yao yatapotoka kwa pamoja. Ili kuepuka upotofu wa aina hiyo katika majaribio, Fisher, katika kitabu chake cha mwaka 1935 kuhusu usanifu wa majaribio, alisisitiza ugawaji wa kubahatisha.

Msimamo huo ulimgonganisha na Karl Pearson, mwanatakwimu mkuu wa zama hizo. Fisher alionyesha kwamba kila parameta ikadiriwayo kutokana na data hupunguza uhuru wa data hiyo kwa kiasi kimoja. Katika jedwali la safu mbili kwa mbili, Pearson alihesabu uhuru wa viwango 3. Fisher alihesabu 1. Pearson hakukubali, lakini hesabu ya Fisher ndiyo ifunzwayo hadi leo.

Mwaka 1943 Fisher alirudi Cambridge kuwa profesa wa jenetiki. Huko, kwa makala yake ya mwaka 1950, hesabu zilifanywa na David Wheeler kwa kompyuta ya EDSAC. Wheeler huyo ndiye aliyeasisi vijiprogramu vya kuitwa mara kwa mara, na kitabu alichoandika na wenzake mwaka 1951 kilieleza parameta za vijiprogramu hivyo. Humo parameta ni nafasi iliyopewa jina, ikingoja kujazwa, mithili ya nafasi ya kiambishi cha nafsi katika kitenzi: a-, tu- au wa- huingia, mzizi ukabaki uleule. Ulizo la hifadhidata hufuata njia hiyo. Agizo la kuorodhesha wakazi wa mtaa fulani huandikwa mara moja. Kiembeni au Likoni huingizwa baadaye.

Maana hizi zina shina moja: parameta huteua mmoja katika ukoo wa vitu vinavyofanana. Tofauti ni kuwa mwanaprogramu huijua thamani akaitoa, ilhali mwanatakwimu haijui, akaitafuta.

Fisher hakuwa bila doa. Alitetea itikadi ya kuteua wanaostahili kuzaa, na alipinga kwamba sigara husababisha saratani. Mwaka 2020 chuo chake cha Cambridge kiliamua kuondoa dirisha la kumbukumbu yake. Alifariki Adelaide, Australia, tarehe 29 Julai 1962. Amewaachia watafiti, wakiwemo wa lugha, onyo la kudumu: asilimia ipatikanayo kwa waliohojiwa si hukumu juu ya wasiohojiwa.