Kurt Schwitters: Maisha ya Msanii wa Vipande vya Karatasi na Vipande vya Maneno

1.0 Utangulizi

Kolaji ni sanaa ya kuunda picha kwa kubandika vipande vya karatasi, vitambaa na vitu vinginevyo juu ya kadi au ubao. Miongoni mwa wasanii wa karne ya 20 walioipa hadhi ya sanaa inayojitegemea, Mjerumani Kurt Schwitters ana nafasi ya pekee. Si yeye aliyeianzisha, kwani Georges Braque na Pablo Picasso walikuwa wamekwisha kubandika karatasi katika picha zao huko Ufaransa mwaka 1912. Hata hivyo, kazi ambayo kwa hao wawili ilikuwa njia mojawapo miongoni mwa njia nyingi, kwa Schwitters ilikuwa shughuli ya maisha, naye aliidumisha kwa takriban miaka 30, katika raha na katika ukimbizi.

Maisha yake yanamhusu mwanaisimu kama yanavyomhusu mwanasanaa, kwa kuwa alikitendea kipande cha neno sawasawa na alivyokitendea kipande cha karatasi. Aidha, yanajibu swali ambalo limewashughulisha wengi: msanii hupata wapi msukumo wa kazi yake, na hubakiwa na nini anapopokonywa nyumba, nchi na jamaa?

2.0 Malezi na Elimu

Schwitters alizaliwa tarehe 20 Juni 1887 katika mji wa Hannover. Wazazi wake walikuwa na duka la nguo za wanawake. Baadaye waliliuza na kununua majumba ya kupangisha, na kwa hiyo mtoto wao wa pekee alikua bila dhiki. Mwaka 1901, akiwa na umri wa miaka 14, watoto wa kijijini waliiharibu bustani ndogo aliyokuwa ameipanda kwa mikono yake. Mshtuko huo ulifuatwa na kifafa, maradhi yaliyomwandama baada ya hapo.

Alisoma katika shule ya sanaa na ufundi ya Hannover, kisha katika Chuo cha Sanaa cha Dresden kuanzia mwaka 1909. Mafunzo hayo yalikuwa ya kimapokeo: kuchora watu, mandhari na vitu kama jicho livionavyo. Yafaa jambo hili litiliwe maanani, kwa sababu wapo waliodhani kwamba alibandika takataka kwa kuwa hakujua kuchora. Ukweli ni kwamba hakuacha kabisa kuchora sura za watu na mandhari hadi mwisho wa uhai wake, na ustadi huo ndio uliompatia riziki alipokuwa mkimbizi.

Mwaka 1915 alimwoa Helma Fischer. Mtoto wao wa kwanza alifariki akiwa mchanga mwaka 1916. Wa pili, Ernst, alizaliwa mwezi Novemba 1918. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia Schwitters aliandikishwa jeshini mwezi Machi 1917, lakini baada ya miezi michache aliachishwa kwa sababu ya afya yake, akapelekwa kuwa mchoraji wa ramani za mitambo katika kiwanda cha chuma karibu na Hannover. Magurudumu ya mitambo aliyoyachora humo yalijitokeza baadaye katika picha zake.

3.0 Kuzaliwa kwa Merz

Vita vilipokwisha mwaka 1918, Ujerumani ilikuwa imeanguka. Dola ilivunjika, fedha ilianza kupoteza thamani, na maisha ya zamani yalikuwa vipandevipande. Schwitters aliona kwamba haiwezekani kuendelea kuchora kana kwamba hakuna kilichovunjika. Katika majira ya baridi ya mwaka 1918 na 1919 alianza kukusanya vilivyotupwa: tiketi za tramu, stempu, bahasha, karatasi za kufungia vyakula, vipande vya magazeti, nyaya, vifungo na vitambaa. Alitaka kujenga upya kwa kutumia mabaki yenyewe.

Katika moja ya picha hizo alibandika kipande alichokikata kutoka tangazo la benki iliyoitwa Kommerz- und Privatbank. Mkasi uliondoa silabi ya mwanzo ya neno Kommerz, lenye maana ya biashara, pikabaki Merz tu. Ni kana kwamba mtu angelichukua neno biashara, akaondoa bia, kisha akabaki na shara. Mwezi Julai 1919 Schwitters aliionyesha picha hiyo jijini Berlin katika nyumba ya sanaa ya Der Sturm, na kipande hicho akakifanya jina la sanaa yake yote.

Kwa upande wa isimu, tukio hili lina mambo mawili ya kuzingatiwa. La kwanza ni la kimofolojia. Kwa msemaji wa Kijerumani cha leo, merz katika Kommerz si mofimu yenye maana yake. Lakini neno hilo lina asili ya Kilatini, ambako kiambishi com kiliungana na mzizi wenye maana ya bidhaa. Kwa hiyo mkasi wa msanii ulipita, kwa bahati, palepale palipokuwa na mpaka wa kale ambao wasemaji walikuwa wamekwisha kuusahau. La pili ni la kisemantiki. Kipande kilichokuwa bubu kilianza kupata maana kutokana na majirani zake: katika sikio la Mjerumani kinakaribiana na jina la mwezi Machi, na neno la maumivu, na kitenzi cha kutupilia mbali. Kisha kikaanza kuzaa. Picha ikawa Merzbild, jengo likawa Merzbau, jarida alilolitoa kati ya mwaka 1923 na 1932 likaitwa Merz, na hatimaye msanii mwenyewe akajiita Merz.

Mwaka huohuo wa 1919 alitengeneza picha iitwayo Das Undbild, ambayo leo imo katika jumba la sanaa la Stuttgart. Neno linaloonekana humo ni und, yaani na. Kiunganishi, ambacho kwa kawaida hupita katika sentensi bila kutazamwa, kilipewa nafasi ya mhusika mkuu. Uteuzi huo ulifaa, kwa kuwa kolaji ni kazi ya kuunganisha: hiki na hiki na kile, pasipo kimoja kukitawala kingine.

Katika ushairi alifuata njia hiyohiyo. Shairi lake kuhusu Anna Blume lilimpatia sifa na matusi kwa wingi mwaka 1919; jina Anna lilimvutia kwa kuwa husomeka vilevile kutoka mbele na kutoka nyuma. Baadaye alitunga Ursonate, shairi refu la silabi tupu lililopangwa kwa muundo wa muziki wa sonata, akalichapisha kwa ukamilifu mwaka 1932. Chanzo chake kilikuwa shairi la herufi la rafiki yake Raoul Hausmann. Hapa pia Schwitters aliokota kipande cha mwenziwe na kukijenga kikawa jengo.

4.0 Namna ya Kazi

Waliomwona akifanya kazi walieleza utaratibu usiohitaji vifaa vya gharama. Alipaka gundi ya unga na maji juu ya karatasi, kisha akatawanya vipande vyake na kuvisogeza huku na huku gundi ikiwa bado mbichi. Alivitazama, akavigeuza, akachana kimoja na kufunika kingine, na kwa ncha za vidole akashindilia vijipande vidogo mahali palipohitaji uzito. Mara nyingine aliongeza rangi kidogo. Picha ilipotulia aliibandika juu ya karatasi nyingine, akaandika chini yake jina, saini na mwaka.

Utaratibu huu unadhihirisha jibu lake kuhusu msukumo. Hakukaa akiusubiri umshukie. Aliutafuta mitaani akiwa ameinama, mifuko ikijaa karatasi, na maana ya picha ilikuja wakati vidole vikiwa kazini. Tiketi haikuchaguliwa kwa sababu ya safari iliyolipiwa. Ilichaguliwa kwa rangi, umbo na herufi zake, ingawa tarehe na jina la mji viliendelea kusomeka.

Wala hakudharau kazi ya kujipatia kipato. Mwaka 1924 alianzisha ofisi ya matangazo, na kati ya mwaka 1929 na 1934 alikuwa mbunifu wa chapa wa halmashauri ya mji wa Hannover. Mtu aliyekata matangazo ya wengine alijua pia kuyatengeneza.

5.0 Nyumba na Ukimbizi

Yapata mwaka 1923 alianza kujenga Merzbau ndani ya nyumba ya wazazi wake mtaa wa Waldhausen. Ilikuwa kolaji iliyotoka katika kadi ikawa vyumba: nguzo, kuta za plasta na mbao, na vishimo vya ukumbusho alimohifadhi vitu vya marafiki zake. Aliijenga kwa zaidi ya miaka 10.

Utawala wa Hitler ulipoiita sanaa ya namna hii upotovu, Schwitters alikimbilia Norwe tarehe 2 Januari 1937, akimfuata mwanawe. Mwaka huohuo kazi zake zilitundikwa mjini Munich katika maonyesho yaliyokusudiwa kuwadhihaki wasanii wa kisasa. Helma alibaki Hannover kutunza majumba na wazee, akawa anamtembelea. Walionana kwa mara ya mwisho mwaka 1939.

Karibu na Oslo, mahali paitwapo Lysaker, alianza jengo la pili. Mwaka 1940 majeshi ya Ujerumani yaliivamia Norwe, naye akakimbia tena pamoja na mwanawe na mkewe Ernst kwa meli hadi Scotland. Huko alihesabiwa kuwa raia wa nchi adui, akazuiliwa katika kambi ya Hutchinson kwenye Kisiwa cha Man hadi Novemba 1941. Kambini hapakuwa na plasta; kwa hiyo alifinyanga sanamu kwa uji wa shayiri uliobaki mezani, nazo zikaota ukungu na kunuka.

Alipoachiliwa aliishi London. Usiku wa tarehe 8 kuamkia 9 Oktoba 1943 mabomu ya Washirika yaliiteketeza nyumba ya Hannover pamoja na Merzbau. Mwaka 1944 alipata kiharusi, na mwezi Oktoba mwaka huo Helma alifariki kwa saratani. Habari zilimfikia mumewe mwezi Desemba.

6.0 Miaka ya Mwisho

Mwaka 1945 alihamia Ambleside, kaskazini mwa Uingereza, pamoja na Edith Thomas aliyemtunza. Aliuza picha za sura za watu na za milima apate chakula, huku akiendelea na kolaji. Karatasi zilizomo sasa zilikuwa za Kiingereza, na katika picha yake ya mwaka 1947 iitwayo For Käte zimo picha za katuni zilizochapwa Marekani.

Mwezi Juni 1947 jumba la sanaa ya kisasa la New York lilimpatia msaada wa dola 1,000. Kwa fedha hizo alianza jengo la tatu katika ghala la mawe huko Elterwater, akalifanyia kazi ingawa mwili ulikuwa umedhoofika. Alifariki tarehe 8 Januari 1948 mjini Kendal, siku moja baada ya kukubaliwa uraia wa Uingereza. Ukuta mmoja tu ulikuwa umefikia hatua ya kuonekana.

7.0 Hitimisho

Jengo la Hannover liliangamizwa na mabomu, la Lysaker liliungua mwaka 1951, na la Elterwater halikumalizika. Ukuta wake ulihamishiwa Newcastle mwaka 1965. Kati ya mwaka 1981 na 1983 sehemu ya Merzbau ilijengwa upya katika jumba la Sprengel mjini Hannover kwa kufuata picha zilizopigwa mwaka 1933. Lakini kolaji nyingi za karatasi, baadhi zikiwa hazizidi ukubwa wa kiganja, zingalipo katika majumba ya sanaa ya nchi mbalimbali.

Hivyo kilichodhaniwa kuwa dhaifu kimedumu kuliko kilichojengwa kwa mbao na plasta. Kwa watafiti wa lugha, maisha haya yanakumbusha kwamba maana haiishi ndani ya kipande kikiwa peke yake. Huzaliwa kipande kinapowekwa karibu na kingine. Schwitters alilionyesha hilo kwa silabi moja ya tangazo la benki, na alipopoteza nyumba, mke na nchi, aliendelea kuinama na kuokota kilichokuwa karibu na miguu yake.