César Franck, Mpiga Kinanda wa Kanisa

Watu wa Mboko wanaijua kazi ya kasia. Mtumbwi ukitoka pwani kuingia ziwani, mmoja huanza wimbo na wengine humfuata kwa makasia yao. Mwenye kuanza wimbo hana budi kuchagua mwendo. Akianza mbio mno, wenzake huishiwa na pumzi kabla ya kufika. Akianza polepole mno, mtumbwi hulegea na mawimbi huugeuza. Tena mwendo mzuri peke yake hautoshi. Kila kasia liingie majini pamoja na mengine. Watu wenye nguvu bila utaratibu humwagiana maji tu, na watu wenye utaratibu bila moyo hawafiki mbali.

Moto wa moyo na utaratibu wa mikono: mambo hayo mawili alijifunza mtu mmoja tangu utoto wake hata kufa kwake. Kazi yake haikuwa kasia, bali kinanda kikubwa cha kanisa. Jina lake ni César Franck.

Utoto wake

César Franck alizaliwa katika mji wa Liège tarehe 10 Desemba 1822. Leo mji huo ni wa Ubelgiji, lakini wakati ule Ubelgiji ulikuwa haujawa nchi yenye kujitawala. Ulipata uhuru wake mwaka 1830.

Baba yake aliona mapema kwamba mtoto ana akili nyingi za muziki. Akafurahi, lakini furaha yake ilichanganyika na tamaa. Alitaka mwanawe awe mpiga piano mwenye sifa, ili mali iingie nyumbani. Akampeleka katika shule ya muziki ya Liège, akamzungusha mijini kupiga mbele ya watu, na mwaka 1835 akaihamisha jamaa yake yote mpaka Paris, mji mkuu wa Ufaransa.

Katika mwaka 1837 kijana aliingia shule kubwa ya muziki ya Paris. Mwaka uliofuata alifanya mtihani wa piano. Wakubwa walimpa karatasi ya muziki ambayo hakuwahi kuiona, wakamwambia aipige papo hapo. Yeye hakuipiga kama ilivyoandikwa, bali aliishusha yote sauti tatu chini, bila kukosa. Wakubwa walishangaa, wakampa tuzo ya heshima ya peke yake.

Lakini mwaka 1842 baba alimtoa shuleni kabla hajamaliza. Akamwagiza apige vipande vya kushangaza watu, vyenye vidole vingi na mbio nyingi. Watu walipiga makofi, kisha wakasahau. César akaanza kuona kwamba mbio na muziki si kitu kimoja.

Siku moja alitunga wimbo na kuandika juu yake jina la msichana aliyempenda, Félicité Desmousseaux. Baba aliiona karatasi ile, akaipasua kwa hasira. Mwaka 1846 César alitoka nyumbani akiwa na vitu vichache tu, akaanza kujilisha kwa kufundisha watoto wa watu. Baadaye wazazi walikubali ndoa yake. Aliolewa Félicité naye tarehe 22 Februari 1848, siku ambayo fujo ya kumwondoa mfalme ilianza Paris. Njia zilikuwa zimezibwa kwa mawe na magari, na bwana arusi na bibi arusi walipanda juu ya vizuizi ili wafike kanisani. Wenye kufanya fujo wenyewe waliwasaidia kupita.

Kinanda chenye pumzi

Baada ya ndoa, Franck aliiacha njia ya sifa akashika kazi ya kanisa. Hapa yafaa tueleze kinanda kikubwa ni kitu gani.

Kinanda hicho si kama kile kidogo kinachowekwa karibu na waimbaji. Ni kama nyumba ndani ya nyumba. Kina filimbi mamia kwa mamia, nyingine za madini, nyingine za mti. Ndogo zake zapungua urefu wa kidole, na kubwa zapita urefu wa mtu. Chini yake mna mivukuto kama ya mhunzi, lakini mikubwa sana. Siku zile watu waliikanyaga kwa miguu ili ijae upepo. Mpigaji akibonyeza kibao, mlango mdogo hufunguka, upepo huingia katika filimbi, nayo hulia.

Sasa angalieni jambo moja. Mpiga ngoma akitaka sauti kubwa, hupiga kwa nguvu. Mpiga kinanda hawezi. Abonyeze kibao kwa hasira au kwa upole, filimbi yake italia vilevile. Aweza kuchagua filimbi zipi zilie. Aweza pia kufungua na kufunga kwa mguu milango ya sanduku kubwa lililozifunika baadhi ya filimbi, ili sauti ikue au ipungue. Zaidi ya hayo, kitu kikubwa kilichobaki mkononi mwake ni wakati. Sauti ianze lini? Ikome lini? Kati ya sauti moja na nyingine, pumzi ikae kiasi gani? Ndipo moyo wake unaposikika. Akichelewa kidogo kuinua kidole, filimbi haimfichi. Huendelea kulia mbele ya watu wote.

Tena kuta za mawe hurudisha sauti, kama vile milima iliyo nyuma ya Mboko inavyomrudishia sauti mtu aitaye. Mpigaji akienda mbio kanisani, sauti mpya hulikuta neno la kwanza bado liko hewani, na yote huchanganyika kama maji ya tope. Akienda polepole mno, wimbo hukatika vipande, na msikilizaji hasikii tena unakotoka wala unakokwenda. Kwa hiyo mpigaji hachagui mwendo kwa vidole vyake tu. Husikiliza kwanza nyumba.

Miguu yafundishwa upya

Kinanda kikubwa hupigwa kwa miguu pia, maana chini ya kiti mna vibao vya sauti nene. Wakati ule wapigaji wengi wa Ufaransa hawakuijua vizuri kazi ya miguu. Kisha akaja Paris Mbelgiji mmoja, Jacques-Nicolas Lemmens, akapiga nyimbo za Johann Sebastian Bach, fundi mkuu wa Ujerumani aliyekufa mwaka 1750. Miguu yake ilikwenda kwa usahihi sawa na mikono. Wapigaji wa Paris walishangaa.

Franck alimsikia, akajua upungufu wake mwenyewe. Alikuwa mtu mzima, mwenye tuzo, mwenye mke na watoto. Angeweza kusema moyoni kwamba elimu yake yatosha. Hakufanya hivyo. Mwaka 1858 alinunua vibao vya miguu vya kufanyia mazoezi nyumbani, akaanza tena kama mwanafunzi.

Mwaka ule ule alipata kazi katika kanisa jipya la Mtakatifu Klotilda, Paris. Fundi Aristide Cavaillé-Coll aliweka humo kinanda chenye safu tatu za vibao vya mikono na aina 46 za sauti. Kilifunguliwa tarehe 19 Desemba 1859, na Franck alikuwa mmoja wa waliokipiga siku hiyo. Alikitumikia kinanda kile mpaka mwisho wa maisha yake.

Jumapili kwa Jumapili alipanda ngazi mpaka juu kwenye kinanda. Mara nyingi hakuwa na karatasi mbele yake. Alitunga papo hapo wakati Misa Takatifu ikiendelea. Kazi hiyo yadai moto na akili pamoja. Padri altareni hamngoji mpiga kinanda. Mpiga kinanda ndiye amfuataye Padri. Sadaka ikikawia, wimbo urefushwe bila kuchosha. Ikiisha mapema, wimbo ufikishwe mwisho bila kukatwa kama kamba. Mtu asiyejitawala hawezi kazi hiyo, hata kama moyo wake umejaa sala.

Mwaka 1866 Franz Liszt, mpiga piano mwenye sifa kuliko wote wa Ulaya, alipanda ngazi zile akamsikiliza. Aliposhuka alimlinganisha na Bach.

Katika miaka ile Franck aliandika vipande sita vikubwa vya kinanda, vikachapwa mwaka 1868. Kimoja chaitwa Sala. Mwaka 1872 alitunga wimbo wa Komunyo, Panis angelicus, juu ya maneno ya Mtakatifu Tomaso wa Akwino. Wimbo huo umefika katika makanisa ya nchi nyingi, na labda nawe umeusikia.

Mwalimu wa wenye macho na wa vipofu

Mwaka 1872 Franck aliwekwa kuwa mwalimu wa kinanda katika shule ile ile aliyotolewa na baba yake. Wanafunzi walimpenda sana, wakamwita Baba Franck. Kila siku aliamka alfajiri akatunga muziki wake kabla ya kazi. Kisha alikwenda toka nyumba hata nyumba na shule hata shule kufundisha, ili watu wake wale.

Alisaidia pia shule ya vipofu ya Paris. Louis Braille, kipofu aliyetunga maandishi ya nukta yanayosomwa kwa vidole, alisoma na kufundisha katika shule hiyo, naye alikuwa mpiga kinanda. Franck alizishika nyimbo za Bach, akaandika juu ya sauti moja moja ipigwe kwa kidole gani au kwa mguu upi, ili zichapwe kwa maandishi ya vipofu. Kazi hiyo ni ndefu, haina makofi wala fedha nyingi. Lakini kipofu hawezi kutazama mkono wake. Akionyeshwa kidole kibaya, atajikwaa kila mara. Katika kazi hiyo Franck alionyesha kwamba usahihi waweza kuwa upendo.

Mwendo alioutaka

Franck alipokwisha kufa, watu wengi walizoea kupiga nyimbo zake polepole sana. Walifikiri kwamba utakatifu ni uzito. Lakini vipimo vya mwendo alivyoviandika Franck kwa vile vipande sita vilipatikana baadaye. Viliandikwa kwa hesabu ya metronomu, chombo kinachogonga kama saa kuonyesha mwendo wa wimbo. Vipimo hivyo vyaonyesha kwamba mara nyingi alitaka nyimbo ziende kwa wepesi kuliko walivyozoea wengi. Tena wanafunzi waliomsikia walishuhudia kwamba yeye mwenyewe hakupiga kama saa. Palipotakiwa pumzi alipumua, na palipotakiwa kusonga mbele alisonga.

Basi, walikosea wa pande zote mbili. Baba yake alitaka mbio ili watu washangae. Wafuasi wengine walitaka uzito ili watu wanyenyekee. Franck alitafuta mwendo ambao wimbo wenyewe waweza kutembea nao.

Mwisho wake

Sifa za dunia zilimjia kwa kuchelewa. Simfonia yake ilipigwa mara ya kwanza mwezi wa Februari 1889, na wengi hawakuipenda. Wasimulia kwamba alirudi nyumbani bila uchungu, akiwaeleza watu wake kwamba ilisikika vizuri kama alivyofikiri. Mwezi wa Aprili 1890 muziki wake wa zeze nne ulishangiliwa kwa nguvu. Alikuwa na miaka 67.

Mwaka huo huo gari la farasi alilopanda liligongwa na gari lingine kubwa la abiria. Aliumia, na nguvu zake zikapungua. Hata hivyo wakati wa kiangazi alimaliza nyimbo kubwa tatu za kinanda ziitwazo Korali. Ndani yake mna moto wa kijana, lakini kila sauti imewekwa mahali pake kama jiwe katika ukuta. Alikufa tarehe 8 Novemba 1890, akaombewa katika kanisa la Mtakatifu Klotilda.

Wiki chache kabla ya kifo chake, kijana mmoja karibu kipofu, Louis Vierne, alikuwa ameingia darasani mwake. Kijana huyo alikuwa mpiga kinanda wa kanisa kuu la Notre-Dame la Paris tangu 1900 hata 1937, alipokufa akiwa ameketi kwenye kinanda chake.

Watoto wapenzi, wengi wenu hamtaketi mbele ya kinanda chenye filimbi mamia. Lakini mtaimba, mtaandika, mtajenga, mtapiga makasia. Katika kila kazi ulizeni kwanza mwendo wake ni upi, kisha utieni mkono ufundi na moyo moto. Moja likikosekana, lingine halifiki ng'ambo.

Maswali

1. Baba yake César Franck alitaka mwanawe apige piano namna gani? Kwa sababu gani?
2. Mpiga ngoma na mpiga kinanda hutofautiana katika nini?
3. Kwa nini si vizuri kupiga mbio katika kanisa la mawe?
4. Franck alifanya nini alipoona kwamba Lemmens anamshinda kwa miguu?
5. Aliwasaidiaje vipofu?
6. Eleza kazi moja ya kwenu inayodai mwendo mzuri, ufundi na moyo.