Mtunga Ngano Aliyeshika Imani

Wako wazazi Wakristo waonao mashaka wanapomkuta mtoto ameinamia kitabu cha mazimwi, wachawi na nchi zisizokuwako duniani. Hujiuliza kama huo si uongo, na kama saa zile zisingefaa zaidi kwa katekisimu. Swali lao si dogo, wala halifai kujibiwa kwa ukali. Maisha ya J.R.R. Tolkien, Mkatoliki ambaye ngano zake zimesomwa duniani kote, yaweza kutusaidia kulijibu.

Tolkien alizaliwa tarehe 3 Januari 1892 katika mji wa Bloemfontein, katika nchi ambayo leo ni Afrika Kusini. Baba yake, Arthur, alikuwa meneja wa benki huko. Mwaka 1895 mama yake, Mabel, alimchukua yeye na mdogo wake kwenda kuwaona jamaa Uingereza. Kabla hawajarejea, baba aliugua akafa, mwezi Februari 1896. Mabel akabaki mjane mwenye watoto wawili na fedha chache.

Mwaka 1900 mjane huyo alipokewa katika Kanisa Katoliki. Jamaa zake walichukizwa mno, na msaada wa fedha aliokuwa akiupata ukakatwa. Hakurudi nyuma. Aliwafundisha wanawe sala na Kilatini, akavumilia dhiki, hata Novemba 1904 akafa kwa kisukari, umri wake miaka 34. Siku zile insulini ilikuwa haijagunduliwa. Tolkien, aliyekuwa na miaka 12, alimhesabu mama yake tangu hapo kuwa kama shahidi, aliyeutoa uhai wake ili wanawe waipate imani.

Mabel alikuwa amewaweka watoto chini ya ulezi wa Padre Francis Morgan, wa nyumba ya Oratorio iliyoanzishwa na Mtakatifu John Henry Newman mjini Birmingham. Padre aliwalea kwa upendo, tena aliongeza fedha zake mwenyewe katika matunzo yao. Alipoona kwamba kijana amempenda msichana Edith Bratt na kulegeza masomo, alimkataza hata kumwandikia barua mpaka atimize miaka 21. Ilikuwa amri chungu, lakini kijana aliingoja siku hiyo, na siku ilipofika akamwandikia Edith. Walifunga ndoa Machi 1916.

Miezi michache baadaye alipelekwa vitani Ufaransa, kwenye mapigano ya Somme. Wawili kati ya rafiki zake wapenzi wa shuleni walikufa mwaka ule ule. Yeye alirudishwa Uingereza na homa ya mahandaki, na katika siku za kuuguza mwili alianza kuandika ngano za ulimwengu wa kale aliouwaza mwenyewe. Tangu mwaka 1925 hata 1959 alikuwa profesa Oxford, akifundisha lugha ya kale na fasihi ya Waingereza. Usiku aliandika ngano zake.

Tusidhani kwamba imani yake haikujaribiwa. Katika uzee wake alimkiri mwanawe mmoja kwamba ilikuwako miaka, alipokuwa bado kijana, ambamo karibu aliacha kuishika dini, naye aliijutia sana. Kilichomvuta arudi, alisema, ni njaa ya Ekaristi Takatifu.

Usiku mmoja wa Septemba 1931 alitembea Oxford pamoja na Hugo Dyson na rafiki yake C.S. Lewis, mwalimu mwenzake. Lewis alikuwa amekwisha kumkubali Mungu, lakini si Kristo. Alizipenda ngano za mataifa ya kale, ila aliziona kuwa uongo mtamu. Tolkien alimweleza kwamba mwanadamu, kwa kuwa ameumbwa kwa mfano wa Muumba, naye hupenda kuumba. Hivyo hata ngano zake huchukua chembe ya nuru ya kweli. Habari ya Kristo, alisema, ni ngano ambayo Mungu mwenyewe aliitunga, tena ilitendeka kweli. Siku chache baadaye Lewis alimwamini Kristo.

Kitabu kikuu cha Tolkien, The Lord of the Rings, kilitoka katika miaka 1954 na 1955. Ndani yake hamna kanisa wala padre. Hata hivyo mwenyewe alimwandikia rafiki yake mmoja kwamba ni kitabu cha dini, cha Kikatoliki katika shina lake. Frodo, mtu mfupi asiye na nguvu, anachukua pete ya uovu ili kuiangamiza katika mlima wa moto. Afikapo ukingoni anashindwa: anaitaka pete iwe yake. Anayeokoa mambo bila kukusudia ni Gollum, kiumbe duni ambaye wangeweza kumwua zamani, lakini walimhurumia. Anainyakua pete, anaanguka nayo motoni. Na siku ile, kwa hesabu ya kitabu, ni 25 Machi, tarehe ya Kupashwa Habari Bikira Maria.

Basi mtoto asomaye habari hiyo anajifunza kwamba nguvu za mtu peke yake hazitoshi, na kwamba huruma haipotei bure. Bwana wetu naye alifundisha kwa mifano. Hakuna aliyeuliza mwana mpotevu alikaa kijiji gani, wala hakuna aliyemwita mwongo aliyesimulia habari zake.

Si kila ngano ni njema. Iko inayomfundisha mtoto kupenda ukatili, na hiyo mzazi aikatae. Lakini hawezi kuzipambanua asipozisoma. Yafaa aketi na mtoto, asome naye, amwulize nani katika hadithi ampendaye, na kwa nini.

Tolkien alifariki tarehe 2 Septemba 1973, umri wake miaka 81. Misa ya mazishi iliadhimishwa na mwanawe wa kwanza, Padre John. Mabel hakuishi kusoma hata ukurasa mmoja wa ngano za mwanawe, wala kumwona mjukuu wake altareni. Alichopanda kwa machozi kiliota baada yake.