Humphry Davy: aliyeijua sumu ya moshi na ukali wa cheche kabla ya mafundi wetu

Katika vijiji vingi yanakosikika matangazo yetu, injini ya kuchomelea haikosi sokoni. Fundi huivuta kamba, injini inanguruma, na kazi inaanza: geti la shule, plau iliyovunjika, fremu ya baiskeli. Injini hiyohiyo hutoa umeme wa kuchaji simu ambazo wengi wenu mnasomea makala haya. Ni mashine ya manufaa, lakini imebeba hatari kadhaa kwa pamoja: moshi, mwanga, mvuke wa mafuta na umeme wenyewe.

Leo tunawasimulia maisha ya mtu aliyekutana na hatari hizo zaidi ya miaka 200 iliyopita, kabla mashine yenyewe haijatengenezwa. Nyingine alizifahamu kwa kuumia.

Humphry Davy alizaliwa tarehe 17 Desemba 1778 katika mji wa Penzance, jimbo la Cornwall, kusini magharibi mwa Uingereza. Baba yake alikuwa mchonga mbao. Alifariki mwaka 1794 na kumwachia mjane watoto watano, Humphry akiwa wa kwanza. Mwaka uliofuata kijana huyo alipelekwa kwa tabibu wa mjini kujifunza kazi ya dawa. Huko alianza kujisomea kemia mwenyewe, akifanya majaribio kwa vyombo alivyovipata.

Mwaka 1798 alihamia mji wa Bristol kufanya kazi katika taasisi iliyochunguza kama wagonjwa wangeweza kutibiwa kwa kuvuta hewa mbalimbali. Davy alizijaribu hewa hizo kwenye mwili wake mwenyewe. Moja ilimfanya acheke na kupunguza maumivu. Mwaka 1800 aliandika kwamba huenda ingefaa wakati wa upasuaji, lakini ilipita zaidi ya miaka 40 ndipo madaktari wakaanza kuitumia.

Hewa nyingine nusura imuue. Ilitengenezwa kwa kupitisha mvuke wa maji juu ya mkaa wa moto, na ndani yake mlikuwa na kaboni monoksaidi. Baada ya kuvuta pumzi chache tu, nguvu zilimwisha, mapigo ya moyo yakadhoofika, akakaribia kuzimia. Alipopata hewa safi alirudiwa na fahamu, lakini kizunguzungu na maumivu ya kichwa vilimwandama.

Hapa tusimame kidogo. Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu. Ikiingia mwilini hushikamana na damu na kuchukua nafasi ya oksijeni. Ndiyo inayoua watu waliolala na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa, na ndiyo inayotoka kwenye bomba la moshi la jenereta. Kuacha mlango wazi hakutoshi. Injini ikae nje kabisa, mbali na milango na madirisha, na bomba lake lielekee upande wasiko watu. Mvua ikinyesha, tusiiingize dukani wala jikoni. Mtu akilalamika kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu au kuishiwa nguvu karibu na injini inayofanya kazi, atolewe nje mara moja na apelekwe hospitali. Davy alipona kwa sababu alivuta kidogo na akatoka kwenye hewa ile mapema. Aliyelala hawezi kujitoa.

Mwaka 1801 Davy alikwenda London kufundisha katika Royal Institution. Watu walijaa ukumbini kumsikiliza. Mwaka 1807, kwa kutumia umeme wa betri, aliweza kutenga madini ya potasiamu na sodiamu, ambayo hakuna aliyekuwa ameyapata yakiwa peke yake. Baadaye taasisi ilijengewa betri kubwa yenye jozi 2,000 za vipande vya metali. Davy aliunganisha nyaya zake na vipande viwili vya mkaa, akavigusanisha, kisha akavitenganisha polepole. Katikati ukatokea mwali mweupe mkali, uliojipinda kama upinde.

Fundi yeyote wa kuchomelea anaujua mwali huo, maana ndio anaouwasha kila anapogusisha waya wa kuchomelea kwenye chuma. Davy hakuutumia kuunga vyuma. Kazi hiyo ilianza miaka ya 1880, kupitia Nikolai Benardos wa Urusi. Lakini kanuni ni ileile, na mwanga ni uleule, unaounguza jicho bila mtu kuhisi papo hapo. Maumivu huja saa kadhaa baadaye, mara nyingi usiku, kana kwamba macho yamemwagiwa mchanga. Miwani ya jua haiuzuii. Fundi avae kofia ya kuchomelea yenye kioo chake cheusi, nguo za mikono mirefu na glavu kavu za ngozi. Watoto wanaopenda kusimama na kutazama cheche waondolewe kabla kazi haijaanza.

Mwaka 1812 Davy alipewa cheo cha heshima, akamwoa mjane aitwaye Jane Apreece. Mwaka huohuo kemikali aliyokuwa akiichunguza ililipuka na kumjeruhi jicho. Aliposhindwa kuandika, aliletewa kijana wa kumsaidia, Michael Faraday, mtoto wa mfua vyuma, aliyekuwa amejifunza kazi ya kujalidi vitabu. Mwaka 1813 Faraday aliajiriwa kuwa msaidizi wake.

Katika mwaka huohuo wa 1812, tarehe 25 Mei, mgodi wa makaa ya mawe wa Felling, kaskazini mwa Uingereza, ulilipuka na kuua watu 92. Gesi iliyokusanyika ardhini ilikuwa ikikutana na moto wa taa za wachimbaji. Davy aliombwa msaada, na mwaka 1815 alitengeneza taa ambayo mwali wake ulizungushiwa wavu wa waya mwembamba. Wavu ulinyonya joto, na moto haukuweza kupita kuifikia gesi iliyo nje. Alikataa kuichukulia hataza, ili kila mgodi uweze kuitengeneza.

Lakini taa hiyo haikumaliza vifo. Wenye migodi walianza kuwapeleka watu sehemu zenye gesi zilizokuwa zimeachwa kwa kuogopwa. Nyavu nyingine zilikuwa zimetoboka, na upepo mkali uliweza kusukuma mwali nje. Kifaa cha usalama kiliwafanya watu wajasiri kupita kiasi.

Sisi nasi tunayo migodi yetu midogo. Pipa lililowahi kubeba petroli linaweza kuonekana tupu huku ndani limejaa mvuke. Fundi akiligusa kwa cheche, linaweza kulipuka kama ule mgodi. Kofia na glavu haviwezi kumwokoa, na kazi hiyo ni bora aikatae. Vilevile mafuta yasiongezwe injini ikiwa inanguruma au ingali ya moto. Izimwe, ipoe, na kidumu kiwekwe mbali na cheche. Ardhi ikiwa imelowa, kazi isubiri, kwa kuwa umeme wa mashine hii unaweza kuua kama ule wa nyaya za barabarani.

Davy mwenyewe hakukosa udhaifu. Alichaguliwa kuwa rais wa Royal Society mwaka 1820, lakini mwaka 1823, wanasayansi walipotaka Faraday awe mwanachama, Davy alipinga. Aliyekuwa akimbebea vyombo sasa alikuwa akimfikia. Faraday alichaguliwa hata hivyo.

Afya ya Davy ilidhoofika, naye akafariki mjini Geneva, Uswisi, tarehe 29 Mei 1829, akiwa na umri wa miaka 50. Miaka miwili baadaye, mwaka 1831, Faraday aligundua kwamba sumaku na waya vikisogezwa karibu karibu huzalisha umeme. Hiyo ndiyo kanuni ya kila jenereta. Hivyo injini ya fundi wa kijijini imebeba kazi za wote wawili: umeme wa Faraday na mwali wa Davy.

Davy alivuta sumu bila kuijua vizuri. Sisi tumeshaonywa. Kesho asubuhi, kabla hujaivuta kamba, tazama kwanza moshi utaelekea wapi, mafuta yako wapi, na watoto wamesimama wapi.