Beethoven: Mtunzi Aliyetunga Bila Kusikia

Maisha ya wanasiasa na wanariadha yameandikwa mno, kwa hivyo mwaka huu nimeonelea niwaletee mtu wa aina nyingine: Ludwig van Beethoven, mtunzi wa muziki kutoka Ujerumani. Sisi tunaosoma somo la muziki tunakutana naye katika karatasi ya tatu, ile ya historia. Wenzetu wa fizikia na biashara hutucheka ati somo letu ni la kuimba tu, na kuna waliokwisha kushauriwa waliache kabla ya kujiandikisha kwa mtihani. Wacha wacheke. Someni kwanza, halafu mwamue.

Beethoven alizaliwa Bonn, mji ulio kando ya mto Rhine, mwaka wa 1770. Siku yenyewe ya kuzaliwa haikuandikwa popote. Kilichoandikwa ni kwamba alibatizwa tarehe 17 Desemba. Babu yake, ambaye pia aliitwa Ludwig, alikuwa mkuu wa wanamuziki wote katika jumba la mtawala wa Bonn. Baba yake, Johann, alikuwa mwimbaji papo hapo, lakini chupa aliipenda kuliko kazi. Siku hizo watu walikuwa wangali wanazungumza juu ya Mozart, mtoto aliyezungushwa Ulaya akicheza mbele ya wafalme, na Johann akatamani naye awe na Mozart wake. Akamfunza mwanawe kwa ukali mwingi. Mwezi wa Machi 1778 alimpeleka mji wa Cologne acheze mbele ya watu, na tangazo likasema mtoto ana miaka sita ilhali alikuwa na saba. Kumbe kupunguza umri hakukuanza na mashindano ya shule za Kenya!

Mwalimu aliyemfaa hasa ni Christian Gottlob Neefe, mpiga ogani wa jumba hilo. Neefe alimpa kijana huyu kitabu cha Johann Sebastian Bach ambacho hupita katika kii zote 24, meja na maina, kiasi kwamba anayekimaliza hana kii ya kumtisha tena. Akiwa na umri wa miaka 13 Beethoven tayari alikuwa analipwa mshahara kama msaidizi wa ogani. Masomo ya kawaida aliyaacha mapema sana, na hesabu ya kuzidisha ilimshinda maisha yake yote. (Wenzangu wa Kidato cha Tatu, msifurahi. Karatasi ya hesabu bado inawangoja.)

Mwaka wa 1787 mama yake alifariki kwa kifua kikuu. Baba alizidi kunywa. Basi mwaka wa 1789 kijana aliomba nusu ya mshahara wa baba iwe inapita mikononi mwake ili awalee wadogo zake wawili, na ombi likakubaliwa. Alikuwa na miaka 18.

Novemba 1792 alisafiri kwenda Vienna, mji mkuu wa muziki wa wakati huo. Mozart alikuwa amekufa mwaka mmoja tu uliopita, kwa hivyo akajifunza kwa Joseph Haydn. Hapa ndipo ningependa tutulie kidogo. Beethoven alipofika Vienna hakuwa mwanagenzi. Alikuwa ametunga, na kwa piano wachache walimfikia. Hata hivyo aliketi tena kama mtoto wa shule akafanya mazoezi ya kupanga sauti mbili, tatu, nne, kwanza kwa Haydn, kisha kwa Albrechtsberger, aliyekuwa mkali kwa kanuni, halafu akaenda kwa Salieri kujifunza kutungia waimbaji. Karatasi za mazoezi hayo zipo hadi leo, pamoja na masahihisho ya walimu. Ndiyo yale yale tunayopewa sisi: sauti hii isifuatane na ile kwa njia fulani, hii ishuke, ile ibaki. Wengi wetu huyaona kama adhabu. Yeye aliyafanya kwa hiari miaka miwili na zaidi, na bila kujua alikuwa anajiwekea akiba.

Akiba ya nini? Yapata mwaka wa 1798, akiwa na miaka 27 hivi, masikio yake yalianza kuvuma usiku na mchana. Sauti za juu za ala na za waimbaji zikaanza kumpotea. Mwaka wa 1801 alimwandikia rafiki yake wa Bonn, daktari Wegeler, akamwambia kwamba karibu miaka miwili alikuwa akihepa mikutano ya watu, kwa sababu hakuweza kuwaambia kuwa yeye ni kiziwi. Fundi wa kazi nyingine angevumilia. Lakini mwanamuziki, tena mwenye maadui, wangesema nini? Oktoba 1802, katika kijiji cha Heiligenstadt nje ya Vienna, aliwaandikia ndugu zake barua ndefu ya huzuni. Alieleza kuwa alifikiria hata kujitoa uhai, ila aliona hawezi kuondoka duniani kabla ya kutoa muziki wote uliokuwa ndani yake. Barua hiyo hakuituma. Ilikutwa miongoni mwa karatasi zake alipokufa.

Baada ya barua hiyo ndipo kazi kubwa kubwa zilipoanza kumiminika. Simfonia ya tatu, aliyoimaliza mwaka wa 1804, ilikuwa ndefu na nzito kuliko simfonia yoyote waliyoizoea watu. Alikuwa ameiandika jina la Napoleon Bonaparte, akimwona kama mkombozi wa wanyonge. Aliposikia Napoleon amejitangaza kuwa mfalme mkuu, alilikwangua jina hilo kwa nguvu mpaka karatasi ikatoboka. Tundu hilo lingali linaonekana. Hapo ndipo walimu hutuambia kipindi cha Klasiki kinaanza kuagana na kile cha Kiromantiki. Haydn na Mozart walipima sentensi zao za muziki zikalingana kama matofali. Beethoven aliyachukua matofali yale yale akajenga nayo hasira, majonzi na ushindi. Ndiyo sababu ukiulizwa yumo kipindi gani, usitaje kimoja ukakimbia.

Kuna habari moja ambayo vitabu vyetu huipita haraka. Mwaka wa 1803 alifika Vienna mpiga fidla hodari, George Bridgetower. Alizaliwa Poland mwaka wa 1778. Baba yake alikuwa mtu mweusi kutoka visiwa vya Karibi, mama yake Mzungu, naye alikulia Uingereza. Beethoven alipendezwa naye sana akamtungia sonata ya fidla na piano mbio mbio. Waliicheza pamoja asubuhi ya tarehe 24 Mei katika bustani ya Augarten. Wino ulikuwa karibu haujakauka, na sehemu ya pili Bridgetower aliisoma kutoka karatasi ya Beethoven mwenyewe kwa sababu haikuwa imenakiliwa. Katika sehemu ya kwanza alijitungia papo hapo jibu la mchezo wa piano, na Beethoven akaruka kutoka kitini akamkumbatia, akataka arudie. Hebu fikirini, kuongeza kitu katika kazi ya Beethoven mbele yake, naye akafurahi!

Lakini wakakosana. Bridgetower alipokuwa mzee alisema ugomvi ulikuwa wa msichana. Beethoven akalifuta jina la rafiki yake na kuiandika sonata jina la Mfaransa Rodolphe Kreutzer, ambaye inasemekana hakuwahi kuicheza mbele ya watu. Hadi leo inaitwa Sonata ya Kreutzer. Bridgetower alipata shahada ya muziki huko Cambridge mwaka wa 1811 na akafa London mwaka wa 1860. Mimi naona hapo alidhulumiwa. Ugomvi wa vijana wawili ungeisha, jina lingebaki.

Tarehe 22 Desemba 1808 Beethoven aliandaa tamasha lake mwenyewe mjini Vienna. Lilianza saa kumi na mbili na nusu jioni likaisha saa nne na nusu usiku, katika ukumbi wenye baridi kali. Wanamuziki hawakuwa wamefanya mazoezi ya kutosha, na kipande cha mwisho kikavurugika hata akawasimamisha waanze upya. Na hapo ndipo watu waliposikia mara ya kwanza simfonia ya tano. Wengi wenu mnaijua hata kama hamjui mnaijua: noti tatu fupi za mi, kisha moja ndefu ya do. Noti nne tu. Mpiga ngoma yeyote wa kilumi hapa Ukambani angezishika mara moja. Ajabu ni kwamba kutoka kwa hizo nne Beethoven anajenga karibu sehemu yote ya kwanza. Anazipandisha, anazishusha, anawarushia hawa na wale. Yule mpiga kilumi alijifunza kwa sikio na hana haja ya karatasi. Beethoven sikio lilikuwa linamtoka, na karatasi ikawa ndiyo sikio.

Wengine husema ulikuwa muujiza. Sikubali sana. Alitembea na daftari mfukoni akiandika wazo, akilifuta, akiliandika tena, na madaftari hayo yanaonyesha tuni zilizoanza zikiwa za kawaida kabisa zikanolewa siku nyingi. Aliweza kusikia kwa macho kwa sababu alikuwa amejifunza mapema kila noti inakaa wapi na inaipenda jirani gani. Shuleni kwetu hakuna piano. Tuna filimbi za plastiki na simu ya mwalimu yenye spika ndogo. Mwalimu huandika noti ubaoni, tunaziangalia kimya mpaka zilie kichwani, ndipo tunafungua mdomo. Mwanzoni ni kama mchezo wa wazimu. Halafu siku moja zinalia kweli. Tangu siku hiyo sijaona kiziwi anayetunga kuwa kioja. Namwona kuwa mtu aliyefanya kazi ya darasani ikamwingia damuni.

Uzeeni alikuwa mtu mgumu. Alitumia pembe za chuma kukinga sauti, na kuanzia mwaka wa 1818 wageni walimwandikia katika vitabu vidogo waliyotaka kumwambia. Ndugu yake Kaspar alipofariki mwaka wa 1815, Beethoven alimpeleka shemeji yake Johanna mahakamani miaka kadhaa ili amnyang'anye mtoto Karl. Alishinda mwaka wa 1820, lakini kijana huyo hakupata raha wala yeye mwenyewe hakuipata. Mtu anaweza kuelewa mamia ya noti na asimwelewe mama anayemlilia mwanawe.

Tarehe 7 Mei 1824 simfonia ya tisa ilichezwa. Kwa zaidi ya saa moja okestra, na mwishoni kwaya na waimbaji wanne, ambao si desturi ya simfonia. Maneno yalitoka kwa mshairi Schiller, kuhusu furaha na udugu wa watu wote. Beethoven alisimama mbele akipiga mikono, lakini wanamuziki walikuwa wameagizwa wamfuate Michael Umlauf. Muziki ulipokwisha, watu walishangilia huku yeye amewapa mgongo, hajui lolote. Mwimbaji kijana, Caroline Unger, ndiye aliyemgeuza ili aone. Wakaanza kupunga vitambaa na kofia, maana makofi hayakumfaa kitu. Hata hivyo pesa zilizobaki baada ya gharama zilikuwa chache akakasirika sana.

Tuni ya furaha ya simfonia hiyo ni rahisi. Karibu yote inatembea ngazi moja moja kati ya do na so. Ndiyo sababu inaimbwa hata makanisani kwa maneno ya dini. Mjini Kinshasa kuna okestra ya Wakimbangu iliyoanza mwaka wa 1994. Wengi wao walijifunza wenyewe, baadhi ya ala walizitengeneza kwa mikono, na filamu iliyotoka mwaka wa 2010 inawaonyesha wakijiandaa kuicheza simfonia hii ya tisa huku stima ikiwapotea. Hawakungoja kupata piano.

Beethoven alifariki tarehe 26 Machi 1827, akiwa na umri wa miaka 56. Mwaka wa 2023 wanasayansi walipima nywele zake wakakuta dalili za homa ya ini aina ya B na hatari ya kurithi ugonjwa wa ini, lakini kilichoyaziba masikio yake hawakukiona. Maelfu ya watu walimsindikiza. Miongoni mwa waliobeba mienge alikuwemo mwalimu wa zamani wa shule ya msingi, mfupi, mwenye miwani, jina lake Franz Schubert. Yeye naye alifariki mwaka uliofuata akiwa na miaka 31, akazikwa karibu na Beethoven kama alivyotaka. Maisha yake, Mungu akipenda, nitawaletea katika jarida la mwaka ujao.