Paul Broca na Mwanafunzi Aliye Kimya

Mwalimu mwanafunzi aendaye kufanya mazoezi ya kufundisha katika shule ya kijijini, kama kule Madimba, Mtwara, huenda akamkuta mtoto aliyezoea Kimakonde nyumbani, ambaye akiulizwa swali kwa Kiswahili hunyamaza. Je, ukimya huo ni dalili ya kutofahamu? Maisha ya daktari mmoja Mfaransa yatatusaidia kupima jambo hili.

Paul Broca alizaliwa mwaka 1824 katika mji wa Sainte-Foy-la-Grande, akiwa mwana wa daktari. Alisomea udaktari Paris, akawa mpasuaji. Mwezi Aprili 1861, katika hospitali ya Bicêtre, aliletewa mgonjwa aitwaye Leborgne, ambaye kwa miaka zaidi ya 20 hakuweza kutamka ila silabi moja tu, tan. Broca hakumdhania kuwa mpumbavu. Alimwuliza maswali ya hesabu, naye mgonjwa akajibu kwa vidole vya mkono wa kushoto. Siku chache baadaye Leborgne alifariki. Broca aliuchunguza ubongo wake, akaona jeraha sehemu ya mbele, upande wa kushoto. Baada ya kuchunguza wagonjwa wengine, mwaka 1865 alitangaza kuwa usemaji hutegemea hasa upande huo.

Si kazi zake zote zilizostahili sifa. Alipima mafuvu ya watu ili kuyapanga mataifa kwa akili, jambo ambalo sayansi imekwisha kulikataa. Alifariki mwaka 1880.

Ubongo wa Leborgne ulihifadhiwa. Picha zilizochapishwa mwaka 2007 zilionyesha kuwa jeraha lilipenya hadi kwenye nyuzi ziunganishazo sehemu za ubongo. Kwa hiyo wataalamu wa leo huiona sarufi kuwa kazi ya mtandao wa seli za neva, wala si ya mahali pamoja. Wengi wenye majeraha ya namna hiyo huelewa wakiambiwa kuwa embe lililiwa na mzee, kwani embe haliwezi kumla mtu. Wakiambiwa kuwa mzee alisukumwa na mtoto, hutatanika: hapo sarufi peke yake ndiyo ionyeshayo nani alimsukuma mwenziwe.

Mtoto wetu hana jeraha lolote. Hata hivyo, fundisho lamhusu: kusema ni jambo moja, kufahamu ni jingine. Basi, kabla ya kumwandikia sifuri, mwalimu hana budi kumpa nafasi ya kuonyesha kwa kidole, kuchora, kupanga vijiti, au kuigiza nani alimsukuma nani.